Kunasa Sauti ya Kompyuta

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo. Katika somo hili utajifunza jinsi sauti ya kompyuta inavyonaswa, na jinsi ya kutafuta chanzo cha sauti mbaya.

Fikiria kwamba unaishi Buhongwa, karibu na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga. Kesho babu yako atasimulia habari za kale za Wasukuma katika matangazo yatakayosikika katika kompyuta mpakato ya shule. Matangazo hayo hayatarudiwa. Leo unajaribu kunasa wimbo ili uone kama kompyuta iko tayari. Unaposikiliza, wimbo unakwaruza, na honi za malori zimo ndani yake. Kasoro iko wapi?

Njia mbili za sauti

Sauti huweza kunaswa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hupita hewani. Spika hutetemesha hewa, na maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme. Lakini maikrofoni haichagui. Hupokea pia honi za malori, na mvua inyeshayo juu ya bati.

Njia ya pili hupita ndani ya kompyuta. Programu ya kunasia huichukua sauti kabla haijafika kwenye spika. Kwa hiyo kelele za nje haziingii.

Jaribio: Kutafuta chanzo cha kasoro

1. Nasa wimbo unaochezwa na kompyuta. Wakati huohuo piga makofi karibu nayo, kisha sikiliza. Ukisikia makofi, programu inatumia maikrofoni. Chagua sauti ya ndani ya kompyuta, kama njia hiyo ipo.

2. Je, sauti inakwaruza mahali inapopanda? Kiwango cha kunasia kimezidi. Kompyuta ina kikomo chake, na mawimbi yanayokipita hukatwa vilele. Punguza kiwango, kisha nasa tena.

3. Je, unatumia maikrofoni au waya, na unasikia mvumo usiokoma? Chomoa chaja. Umeme wa majumbani Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, na huweza kuingia katika nyaya za sauti. Mvumo ukikoma, tumia betri.

4. Je, sauti imefifia kama ya simu? Kompyuta huipima sauti mara nyingi kila sekunde. Katika mfumo wa simu za kawaida za waya sauti hupimwa mara 8,000, na katika diski ya muziki mara 44,100. Chagua 44,100 au zaidi.

5. Je, sauti inakatikakatika? Funga programu nyingine, kwani huenda kompyuta imeelemewa na kazi.

Badili jambo moja tu kila mara. Ukibadili mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoondoa kasoro.

Kumbuka: Wimbi lililokatwa vilele halirudi kama lilivyokuwa. Kupunguza kiwango baada ya kunasa huifanya sauti iwe ndogo, lakini mikwaruzo hubaki. Kwa hiyo fanya jaribio mapema. Wimbo waweza kuuchezesha tena kesho. Maneno ya babu hayatasemwa mara ya pili.

Maswali

1. Kwa nini honi za malori huingia katika sauti iliyonaswa kwa maikrofoni?
2. Eleza jinsi makofi yanavyokusaidia kutambua njia inayotumika.
3. Mwenzako amechomoa chaja na kupunguza kiwango kwa wakati mmoja, na sauti ikawa nzuri. Je, anajua chanzo cha kasoro? Eleza.