Si Kila Moshi wa Gari la Tabo Ni Tabo

Bila shaka umeyasikia haya kijiweni au gereji, gari la tabo (turbo) likipita na kuacha wingu nyuma yake. Tuyapime.

"Moshi wa buluu? Tabo imekufa, nunua nyingine." Si kweli. Moshi wa buluu unakwambia oili inaungua, basi. Inapitia wapi, hiyo ndiyo kazi ya fundi: huenda ni ringi za pistoni, sili za valvu, au tabo. Na hata ikivujia kwenye tabo, pengine tabo haina kosa. Oili huingia humo kwa kusukumwa na pampu, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe hadi kwenye sampo. Bomba la kurudishia likiziba kwa masizi, au njia ya kupumulia injini ikiziba na presha ikajaa ndani, oili hukosa pa kwenda, ikapenya kwenye sili na kuungulia kwenye ekzosi. Ukifunga tabo mpya bila kulisafisha bomba hilo, moshi utarudi palepale. Hili linaniuma, maana mwenye gari hulipa mara mbili kwa ugonjwa ambao haukupimwa. Mwambie fundi aanze na bomba na njia ya kupumulia, kisha apime kompresheni.

"Ukikuta oili kwenye bomba la hewa, tabo imeisha." Nusu kweli. Utando mwembamba ni kawaida, kwa sababu mvuke wa oili ya injini hurudishwa kwa njia hiyo. Oili iliyotuama ndiyo ya kutilia shaka. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, tikisa mhimili wa tabo. Kucheza kidogo kwa pembeni si kitu, kwani huelea juu ya oili. Mhimili ukiingia na kutoka, au mapanga yakikwaruza ganda, hapo imeisha kweli.

"Moshi mweupe asubuhi ni gasketi ya silinda hedi." Si kweli. Ukitoweka baada ya dakika chache, huo ni unyevu wa ekzosi. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, una harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, usisubiri kesho.

"Moshi mweusi wa dizeli ni nguvu." Si kweli. Ni mafuta yaliyokosa hewa: chujio limeziba, bomba la tabo limepasuka, au nozeli zimechoka.

"Oili nzito itaukata moshi." Si kweli. Injini ikiwa baridi, oili hiyo huchelewa kuufikia mhimili wa tabo ambao, gari likivuta, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

"Usizime gari la tabo ghafla." Kweli, na madereva wa zamani wapewe haki yao. Oili inayosimama ndani ya tabo yenye moto mkali huungua na kuganda, ikawa masizi yaleyale yanayoziba bomba. Tabo nyingi za sasa hupozwa pia kwa maji, lakini ukishapanda mlima wa Kitonga na mzigo, ukasimama juu, iache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima.