MAADUI WAWILI WAPITAO KATIKA NGOZI
Maneno ya tahadhari kwa wakulima wa mpunga wa Mwea

Kila asafiriye kutoka Embu kwenda Nairobi huyaona mashamba ya mpunga ya Mwea. Kazi ya kuchimba mifereji yake ilianza mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, nayo ilifanywa kwa mikono ya watu waliotiwa kizuizini. Siku hizo Mwea ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Leo imo Kirinyaga. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yaligeuza nyika kavu kuwa ghala la mchele, na pishori ya Mwea husifiwa nchi nzima.

Lakini maji hayo yana maadui wawili wa mtu afanyaye kazi ndani yake, na wote wawili huingia kwa mlango mmoja, yaani ngozi.

Adui wa kwanza

Huyu ni kichocho cha tumbo. Mgonjwa aendapo haja kubwa kando ya mfereji, mayai ya mnyoo hufika majini na kuanguliwa. Vidudu vitokavyo humwingia konokono, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa wingi, hasa karibu na saa sita mchana, vikitafuta mtu. Hupenya ngozi nzima, hata isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Baadaye mtu huumwa tumbo na kuharisha damu. Akikaa miaka mingi bila kutibiwa, ini na bandama huvimba.

Hospitali ina vidonge vya praziquantel viwauavyo minyoo hao. Lakini vidonge havimkingi mtu asiambukizwe tena. Basi kinga ya kweli ni choo. Kijiji kizima kikitumia vyoo, mayai hayafiki majini, na konokono hana la kumpa mtu. Maji ya kuogea yakitekwa yasiwe na konokono, yakawekwa ndani ya pipa siku mbili kamili, vidudu hufa. Watoto nao wakatazwe kuogelea mferejini.

Adui wa pili

Huyu mkulima humnunua dukani kwa fedha zake mwenyewe. Dawa nyingi za kuua wadudu hudhuru mishipa ya fahamu, nazo hazibagui mdudu na mtu. Pampu ivujayo mgongoni hulowesha shati, na shati lililolowa huendelea kuingiza sumu mwilini mchana kutwa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutokwa na jasho na mate mengi, kutapika, kutetemeka, na kupumua kwa shida.

Yampasa mtu atazame rangi iliyo chini ya kibandiko kabla ya kununua: nyekundu ni hatari kuliko zote, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Avae nguo ndefu, viatu vya mpira, glavu na kinga ya macho na pua. Asipige dawa akielekea upepo, asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa, wala asioshe pampu mferejini, kwa kuwa walio chini huyatumia maji hayo hayo. Mtu akizidiwa, avuliwe nguo upesi, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali pamoja na kibandiko cha dawa.

Wajibu wa mwenye shamba

Mara nyingi abebaye pampu si mwenye shamba bali ni kibarua, na huenda hajui kusoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanya kazi mavazi ya kujikinga. Wewe usomaye gazeti hili, msomee kibarua wako kibandiko hicho neno kwa neno kabla hajafungua chupa. Ni kazi ya dakika tano. Haifai mpunga upate dawa yake, na aulimaye akose kinga.