Macho Mawili ya Kumnasa Nzi Angani

Nzi wa kawaida hupiga mabawa yake takriban mara 200 kwa sekunde, na kwa kuwa simu nyingi zenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole hunasa picha 240 kwa sekunde, simu hizo hulikuta bawa la nzi kama mara moja tu katika kila pigo, tena likiwa limefifia mfano wa moshi. Anayetaka kuona jinsi bawa hilo linavyojipinda, na kuliona kwa kina, anahitaji mtambo wa namna nyingine: kamera mbili, vioo viwili, miale miwili ya leza na mmweko mfupi mno wa flashi, vyote vikiwa vimefungwa kwenye fremu moja inayobebeka mkononi. Mtambo kama huo kwa kawaida huundwa na mwenyewe, na mtaani Eastlands, jijini Nairobi, hakuna sehemu yake hata moja ambayo fundi angeishangaa.

Kina, yaani hisia ya kwamba kitu fulani kiko karibu na kingine kiko mbali, hutokana na macho mawili yaliyotengana kwa takriban milimita 63, ambayo kila moja huona taswira iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, kisha ubongo ukaziunganisha. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838, kabla ya upigaji picha kutangazwa rasmi duniani, hivyo akalazimika kutumia michoro badala ya picha. Chombo chake cha kutazamia kilikuwa na vioo viwili vilivyokutana kwa pembe kama paa la nyumba. Mwaka 1904, jijini Paris, Lucien Bull, aliyekuwa msaidizi wa Étienne-Jules Marey, alitumia cheche za umeme kupiga picha za jozi za wadudu wakiruka, zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Mdudu mwenyewe ndiye aliyeanzisha upigaji huo pale alipoondoka kwenye kishikio chake. Wazo hilo la kumwachia mdudu ajipige picha ndilo uti wa mgongo wa mtambo huu hadi leo.

Ugumu wa kwanza ni wa nafasi. Wapiga picha wengi wa jozi hufuata kanuni kwamba umbali kati ya lenzi mbili uwe takriban sehemu moja ya 30 ya umbali hadi kwenye kitu kinachopigwa; nzi aliye sentimita 20 mbele ya kamera anadai basi lenzi zilizotengana kwa milimita 7 hivi, na hakuna kamera mbili za kawaida zinazoweza kubanana kiasi hicho. Suluhisho ni kuzielekeza kamera zitazamane, na katikati yake kusimamisha vioo viwili vidogo vilivyokutana kama paa, ambavyo kila kimoja huipeleka mbele taswira ya kamera yake, kwa hiyo macho ya mtambo huwa karibu sana ijapokuwa miili ya kamera iko mbalimbali. Ni paa lilelile la Wheatstone, ila sasa linapiga picha badala ya kuzitazama. Kioo cha bafuni hakifai hapa, kwa sababu rangi yake ya fedha iko upande wa nyuma na uso wa mbele nao hurudisha mwanga kidogo, hivyo kila taswira huja na kivuli chake. Kinachofaa ni kioo kilichopakwa mbele, na vipande vyembamba vya aina hiyo hupatikana ndani ya skana na mashine za fotokopi zilizokufa.

Ugumu wa pili, nao ndio mkubwa hasa, ni wa muda. Kamera nyingi, tangu zinapopewa amri hadi shata zake, yaani vilango vinavyoruhusu mwanga kuingia, zinapofunguka, huchelewa milisekunde 50 hadi 100, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Nzi anayekwenda mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 12 katika milisekunde 60, ilhali eneo linaloonekana vizuri katika picha ya karibu namna hii lina unene wa milimita chache tu. Ndiyo maana waundaji huziacha shata za kamera zikiwa wazi tayari, kisha wakaweka mbele ya kila lenzi kilango cha nje chenye kasi zaidi. Mkono mdogo unaosoma diski ngumu ya kompyuta ni kilango kizuri ajabu: ni mwepesi, una koili ya waya iliyo kati ya sumaku kali, na ukipewa pigo fupi la umeme hurukia upande wa pili kwa milisekunde chache, ukiondoa kipande cha karatasi nyeusi kilichogundishwa nchani.

Amri ya kufungua vilango hutoka kwa mdudu. Miale miwili ya leza, ya aina ile ndogo nyekundu inayouzwa na wachuuzi, hupitishwa ikakatana kama herufi X, na mkabala wa kila mmoja huwekwa kihisi cha mwanga kilichovikwa mrija mweusi ili jua lisikidanganye. Mdudu anapoikata miale yote miwili kwa pamoja, hapana shaka yuko penye makutano, na vilango hufunguka na flashi humweka. Ili kulenga, ncha ya njiti ya kiberiti husimamishwa palepale inapokatana miale, ikawaka nukta nyekundu, na lenzi zote mbili hurekebishwa hadi nafaka za kiberiti zihesabike. Flashi ikiwekwa kwenye nguvu yake ya chini kabisa, humweka kwa takriban sehemu moja ya 30,000 ya sekunde, muda ambao nzi yule husogea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mmweko huohuo huzipatanisha kamera: hata kilango kimoja kikichelewa kidogo kuliko kingine, maadamu vyote viko wazi flashi inapowaka, jicho la kulia na la kushoto yamemwona mdudu katika nukta ileile ya wakati.

Fremu yenyewe haihitaji kiwanda. Vipande vinavyobaki baada ya kukata madirisha ya alumini ni vyepesi na vimenyooka kuliko chuma cha kuchomelea, ambacho hujipinda kwa joto. Pete za kushikia lenzi zinaweza kukerezwa Kariobangi Light Industries, na vifaa vya umeme hununuliwa barabara ya Luthuli katikati ya jiji.

Wadudu nao hawako mbali. Mkokoteni wa miwa huvuta nyuki na nzi tangu asubuhi, na kwa kuwa mdudu anayetua hupunguza mwendo na hujia upande unaotabirika, hapo mtambo hufanya kazi vizuri kuliko mahali pengi penye maua. Jozi nzuri ya picha humwonyesha nzi akiwa na halteri, yaani virungu viwili vidogo nyuma ya mabawa, ambavyo asili yake ni mabawa ya nyuma, vikipiga kinyume cha mabawa na kumjulisha anapoyumba. Katika picha moja virungu hivyo ni nukta tu. Katika jozi, pembe yake inaweza kupimwa. Vipimo vya namna hiyo haviwezi kuwa vigeni katika jiji ambalo, huko Kasarani, lina makao makuu ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mahali panapoitwa Duduville.

Tahadhari moja haina budi kutajwa kwa atakayejaribu. Kapasita ya flashi, yaani kile kikopo kinachohifadhi umeme wa mmweko, hubeba takriban volti 300, nayo huweza kubaki nazo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Asiifungue flashi kuukuu yeyote ambaye hajafundishwa kwanza namna ya kuimwaga chaji hiyo.