“Niko na mawazo”

Fungua kamusi: mawazo ni fikra. Huku kwetu Beni na Butembo, mtu akisema “niko na mawazo” ana huzuni inayomnyima usingizi. Nami nilijibu hivyo mwaka 2019, baada ya Ebola kumchukua mama huko Beni, nikahamia Butembo kwa shangazi.

Aliyeniuliza hali alikuwa mshauri wa kisaikolojia. Nilitarajia “pole, jikaze”, kama kilioni. Yeye akauliza: “Mawazo gani, mwanangu? Taja moja moja.” Tiba ya mazungumzo huanzia hapo: neno linalofunika mengi hufunuliwa polepole, kila jambo likapewa jina. Ilinichukua wiki kadhaa, na siku nyingine nilinyamaza tu. Chini ya neno lile palikuwa na hofu, hasira, na aibu: mama alizikwa na watu waliovaa mavazi ya kinga, nami binti yake sikumwosha wala kumgusa. Hiyo aibu sikuwa nimemwambia hata shangazi.

Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 ulikwisha Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Waliopona tuliwaita washindi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, baadhi yao walilea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, Beni na hata Butembo. Mshauri alinikutanisha na mmoja wao. Nikamwuliza kama alimwona mama. Hakumfahamu. Lakini nilikuwa nimelitaja jina lake, mara ya kwanza tangu mazishi.