Je, Wajua? Stika ya i7 Isikutoe Jasho

Je, wajua kwamba i7 inaweza kupigwa na i5 mchana kweupe? Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa Tabora, iwe Chemchem au karibu na stendi, na wimbo ni uleule: "Hii i7 dada, mashine ya kazi." Sasa chukua prosesa mbili za Intel: Core i7-4600U ya laptopu na Core i5-4590 ya kompyuta ya mezani. Zote ni za kizazi cha nne. Ya kwanza ina viini viwili, ya pili ina vinne, na gigahezi zake zinapanda hadi 3.7. Zipe video ya harusi ziikatekate. Yenye jina kubwa itaachwa mbali.

Herufi ya mwisho ndiyo inayosema kweli. U ni prosesa ya kubana umeme, ya laptopu nyembamba. M ni ya laptopu za zamani kidogo. QM au HQ ni ya laptopu yenye viini vinne, na ukiipata kwa bei ya M usimwambie mtu. Ya mezani mara nyingi haina herufi kabisa.

Je, wajua kusoma kizazi? Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8250U ni cha nane. Kuanzia cha kumi, soma tarakimu mbili: i5-10210U. Ukikuta tarakimu tatu tu, kama i5-520M, hicho ni kizazi cha kwanza, na mzee huyo amestahili kupumzika.

Mwaka 2017 ulileta mkanganyiko ambao wauzaji wengi hawajauelewa mpaka leo. Mpaka kizazi cha saba, laptopu nyingi nyembamba zenye i5 au i7 zilikuwa na viini viwili tu. Kisha Intel ikatoa i5-8250U yenye viini vinne, kwa umeme uleule wa wati 15. Kwenye maelezo yake imeandikwa gigahezi 1.6, wakati i7-7500U ya mwaka uliotangulia imeandikwa 2.7. Mnunuzi anasoma namba, anachukua 2.7, anatoka dukani akitabasamu. Ameacha mashine bora mezani, kwa sababu ile 1.6 ni mwendo wa kuanzia tu: kazi ikija inapanda mpaka 3.4, tena ikiwa na viini mara mbili.

Gigahezi zimewadanganya hata walioziuza. Fikiria misafara ya Wanyamwezi iliyotoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo: hukuwahesabia wapagazi hatua zao kwa dakika, uliuliza pia kila mmoja amebeba frasila ngapi. Gigahezi ni hatua. Mzigo wa kila hatua ni habari nyingine. Pentium 4, iliyozaliwa Novemba 2000, ilipiga hatua nyingi mno zenye mizigo midogo. Ilifika gigahezi 3.8, ikachemka, na mwaka 2004 Intel ikafuta mpango wa kutoa ya gigahezi 4. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo. Ile ndogo, E6300 ya gigahezi 1.86, ikaipita Pentium 4 kwenye kazi nyingi huku ikitengewa wati 65 badala ya 115.

Na je, wajua dawa ilitoka wapi? Kwenye laptopu. Wahandisi wa Intel wa Haifa, Israeli, waliunda Pentium M mwaka 2003 kwa ajili ya mashine za betri. Kwa gigahezi 1.6 tu ilishindana na Pentium 4 zilizozidi 2, na fikra zake ndizo zilizozaa ukoo wa Core. Kwa hiyo kompyuta za mezani zilizofuata ni wajukuu wa laptopu.

Katika mbio za gigahezi, AMD, mshindani wa Intel, ilifika gigahezi 1 mnamo Machi 6, 2000. Intel ikafika siku mbili baadaye.

Je, wajua kwamba prosesa nayo huweza kukosea hesabu? Pentium ya kwanza ilikuwa na kasoro ya kugawanya namba fulani za desimali. Iligundulika mwaka 1994, na Intel ikatenga dola milioni 475 kugharimia ubadilishaji wa prosesa hizo.

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta? Wakati huo prosesa ya kwanza ya kuuzwa ya Intel, 4004 yenye transista 2,300, ilikuwa na miaka mitatu tu. Leo kontena la mashine zilizochoka ofisini Ulaya linashushwa Dar es Salaam bila mtu kugeuza shingo.

Tuje kwenye LUKU. Prosesa ya mezani ya wati 95, kama i5-2500, ikifanya kazi kwa nguvu zote saa kumi inakaribia kula uniti moja. Ya laptopu ya wati 15 inakula kama sehemu ya saba ya uniti. Kioo na vingine havimo humo, na hakuna anayeikamua mashine kutwa nzima, lakini mwenye stationari yenye kompyuta sita ajipigie hesabu. Tena umeme ukikatika, laptopu ina betri yake. Ya mezani inazimika na barua ya mteja.

Vumbi la kiangazi nalo lina lake. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Laptopu nyingi zinazoitwa nzito zinahitaji fundi mwenye bisibisi na brashi: afungue mgongo, asafishe feni, apake upya dawa ya kupitisha joto. Mwambie hivyo kabla hajakuuzia RAM.

ThinkPad T430 ya mwaka 2012 ina prosesa ya kuchomeka kwenye soketi, fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa za laptopu za Intel huchomewa moja kwa moja kwenye mazabodi. Ikifa, umekwisha.

Je, wajua kwamba laptopu mpya ya dukani yenye Celeron N4020 huachwa na HP EliteBook 840 G1 ya mtumba yenye i5-4300U ya mwaka 2013? Upya wa boksi si nguvu. Celeron hiyo inashinda kwa kubana umeme.

Lakini uzee una kikomo. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Linux haina makuu hayo, ingawa nayo iliyoanzia kwenye prosesa ya 386 mwaka 1991 iliitupa 386 hiyohiyo mwaka 2012.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, achana na stika, maana hubandikwa na kubanduliwa. Iwashe mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, usome jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka na hela yako.