Mtafiti wa Maradhi Hubisha Hodi kwa Wazima

Katikati ya mwaka wa 2004, hospitali za Makueni na Kitui zilikuwa zikipokea wagonjwa wenye macho ya manjano. Waliumwa na tumbo na kutapika, na wengi walifariki baada ya ini kushindwa kufanya kazi. Kufikia tarehe 20 Julai, Wizara ya Afya ilikuwa imehesabu wagonjwa 317 mashariki na katikati mwa Kenya. Kati yao, 125 walikuwa wameaga dunia.

Daktari akiona manjano kwa watu wengi kwa wakati mmoja, huwaza virusi kwanza: homa ya ini au homa ya manjano. Ndivyo tunavyowafunza wanafunzi wetu wa udaktari, na si vibaya. Lakini safari hii mahindi ya eneo hilo yalipopimwa, baadhi yalikutwa na sumu ya aflatoksini, au sumukuvu, hadi sehemu 4,400 katika kila bilioni. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Sumu hii hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Haina rangi, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukambani uliwahi kuonja msiba huo: mwaka wa 1981, watu 20 waliugua wilayani Machakos na 12 wakafa.

Nataka mwanafunzi anayetamani kutafiti maradhi ya kuambukiza akae na kisa hiki kwa muda, ingawa sumu haiambukizi. Kinafunza jambo ambalo wodi haiwezi kumfunza. Miaka yote ya masomo, mwanafunzi huelekezwa kumtazama mgonjwa: mguse tumbo, msikilize kifua, mpime damu. Utafiti unamtaka atoke hospitalini aende kubisha hodi kwa watu wasiougua.

Wachunguzi wa 2004, kutoka wizarani na kwa washirika wao wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, walifanya hivyo. Walichukua wagonjwa 40, kisha wakatafuta watu 80 waliokuwa wazima, wawili kwa kila mgonjwa. Wote waliulizwa maswali yale yale: mlikula nini, mahindi mliyatoa wapi, mliyaweka wapi, yalikuwa makavu au mabichi? Damu ikachukuliwa, na mahindi ya nyumbani yakapimwa.

Fikiria wangewauliza wagonjwa peke yao. Wote 40 wangesema wamekula mahindi. Lakini Ukambani nani hajala mahindi, yawe isyo, muthokoi au ugali? Jibu linalotolewa na kila mgonjwa huonekana zito mpaka ulisikie pia kwa kila jirani mzima. Tofauti ikabainika kwenye vipimo: mahindi ya nyumba zenye wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354 za sumu kwa bilioni, na ya wale wazima 44. Walioyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi. Ndani ya nyumba, wakati wa njaa, ndiko mahindi yanakosalimika na wezi, kwa hivyo mtu asiharakishe kumlaumu mwenye nyumba. Lakini punje zilizovunwa na unyevu, zikirundikwa mahali pa joto pasipopita hewa, huwa shamba la kuvu. Wataalamu hushauri unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuyaweka ghalani.

Hapo ndipo virusi vikarejea kwa mlango mwingine. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B mwilini walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara 10 wa kuwa miongoni mwa wagonjwa. Watu waliopimwa walikuwa wachache, kwa hivyo makadirio hayo ni mapana na mwanafunzi asiyakariri kama hesabu iliyofungwa. Hata hivyo yanaendana na yale tunayoyajua. Virusi vya B huweza kuishi kwenye ini kwa miaka mingi bila mtu kuhisi lolote, na ini hilo likipata aflatoksini mwaka baada ya mwaka, hatari ya saratani hupanda sana. Shirika la Afya Duniani husema nguvu ya sumu hii ya kuleta saratani inaweza kuongezeka hadi mara 30 kwa mwenye virusi hivyo. Mtu mzima machoni petu, basi, alikuwa amebeba nusu ya ugonjwa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi vya B mwaka wa 2001, ndani ya chanjo ya pamoja inayotolewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watu wazima wa 2004 walikuwa wamezaliwa kabla ya hapo.

Miaka 50 kabla ya tukio hilo, Kitui ilikuwa imetoa somo kama hilo kwa ugonjwa wa kuambukiza wenyewe.

Mapema miaka ya 1950, wilaya hiyo ilipatwa na mlipuko mkubwa wa kalaazari. Huu ni ugonjwa wa kijidudu kiitwacho leishmania, kilichoelezwa mwaka wa 1903 na madaktari wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, William Leishman na Charles Donovan. Hujificha kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa. Mgonjwa hupata homa isiyokatika kwa wiki nyingi, tumbo hufura upande wa kushoto, mwili hukonda, damu hupungua. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Ilijulikana kwamba usubi ndio huusambaza ugonjwa huu katika nchi nyingine, lakini kuna aina nyingi za usubi. Ni yupi wa Kitui?

R. B. Heisch, mtafiti wa wadudu wa maradhi aliyefanya kazi Nairobi, alianza kufuatilia mahali wagonjwa walipoishi. Kisha mwaka wa 1962, B. A. Southgate na mwenzake Mkenya B. V. E. Oriedo wakachapisha uchunguzi wao kuhusu mazingira ya ugonjwa huo wilayani Kitui. Jina la Oriedo linastahili kutajwa madarasani kwetu kuliko linavyotajwa. Kilichowavutia watafiti wa wakati huo kilikuwa kichuguu. Maradhi yaliandamana na nyumba zilizokuwa karibu na vichuguu vya mchwa, na wanaume na wavulana walikuwa na desturi ya kukaa hapo jioni wakizungumza. Ndani ya matundu ya hewa ya kichuguu mna ubaridi na unyevu hata nchi ikiwa kavu, na usubi aitwaye Phlebotomus martini hujificha humo mchana. Jua likitua hutoka kutafuta damu. Mazungumzo ya jioni na njaa ya usubi vilikuwa vimekutana saa moja, mahali pamoja.

Darubini peke yake isingegundua hilo. Ilihitaji mtu wa kuuliza wanakijiji huketi wapi, na saa ngapi.

Na huko nako wazima walipimwa. Kipimo cha wakati ule kilikuwa kudunga vijidudu vilivyouawa kwenye ngozi ya mkono na kurudi baada ya siku mbili au tatu. Pakivimba, mwili umewahi kukutana na leishmania. Watu wengi ambao hawakuwahi kuugua walivimba. Maana yake, walioambukizwa ni wengi kuliko wanaougua, na kati ya kuumwa na usubi na kulazwa hospitalini kuna mambo mengine: lishe, umri, kinga ya mwili. Mambo hayo bado yanatafitiwa.

Mwanafunzi wa leo huipitaje njia hii? Shahada ya udaktari nchini humchukua miaka 6, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Baadaye anayependa uchunguzi wa milipuko anaweza kujiunga na mpango wa kitaifa wa kuwafunza wachunguzi wa magonjwa, ulioanza mwaka huo huo wa 2004, au kusomea utafiti chini ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Anahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Karatasi hizo huchosha, lakini zinamlinda mama wa Kyuso au Kibwezi ambaye damu yake inaombwa.

Halafu kuna subira. Dkt Monique Wasunna wa KEMRI, ambaye baadaye aliongoza barani Afrika kazi za DNDi, shirika linalotafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, ametumia miongo ya maisha yake kwa kalaazari. Zamani mgonjwa alidungwa dawa ya antimoni kila siku kwa siku 30. Mwaka wa 2003 madaktari wa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia waliunda mtandao wa utafiti pamoja na DNDi. Majaribio yao yalionyesha kwamba ukiongeza paromomisini, siku 17 zinatosha, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba hiyo mwaka wa 2010. Kwa mzazi aliyeacha mbuzi na watoto wengine nyumbani, siku 13 zilizookolewa ni nyingi. Sindano bado zinauma, na dawa ya antimoni inaweza kudhuru moyo, kwa hivyo kazi haijakwisha.

Maswali mengine yako jikoni. Mwaka wa 2008 watafiti wa hapa nchini walichapisha utafiti wa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na wakaonyesha kwamba kukoboa mahindi hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Punje iliyooza haiwi salama kwa kukobolewa. Lakini swali hilo limeulizwa na watu wanaojua chakula cha kwao, na ningependa kuona mengine kama hilo kutoka kwa vijana wa Wote na Mwingi.

Kwa msomaji wa Kitui na Makueni, kuna mawili ya kushika. Mtoto mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili na tumbo linalofura, hasa ukiishi maeneo makavu yenye vichuguu, apelekwe hospitalini, na umwambie daktari unakotoka. Tone la damu ya kidole linaweza kupimwa kalaazari kwa dakika chache, ingawa kipimo hicho hukosea zaidi Afrika Mashariki kuliko India, na kikisema hana huku dalili zikiendelea, ni haki yako kudai achunguzwe zaidi.

La pili: kijana akibisha hodi akisema, “Mwaitu, tunaomba kukuuliza kuhusu ghala lako,” nawe huugui chochote, usishangae. Mwulize barua ya idhini iko wapi, damu itapelekwa maabara gani, na majibu yako atayaleta lini.