Muhuri upo, fundi yuko wapi?

Pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Bunju, Mabwepande, Chamazi na Mbande, nyumba mpya zinachomoza kila kukicha, na kila anayetaka umeme lazima apite mlango uleule: maombi ya shirika la umeme, TANESCO, yenye mchoro wa nyaya za nyumba, jina la mkandarasi, namba ya leseni yake na muhuri. Bila muhuri hakuna mita. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wanaamini kwamba muhuri ukishagongwa, habari ya leseni imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu muhuri unaazimwa. Kijana aliyetindua kuta, akapitisha paipu na kuvuta nyaya vyumba vyote hana leseni; kazi kajifunza kwa kaka yake. Ukimuuliza habari za fomu, hababaiki: “Usijali bosi, kuna mtu wa kutugongea.” Mtu huyo yupo kweli, leseni yake ni halali, na Mbande pengine hajawahi kufika. Anapewa chake, anagonga, mita inafungwa. Siku nyumba ikiungua, kwenye karatasi fundi ni huyo. Juu ya ngazi alikuwa mwingine, na namba yake ya simu haipatikani tena.

Wengi hudhani leseni za mafundi umeme hutolewa na TANESCO. Sivyo. Anayezitoa ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na zina madaraja, A likiwa la juu. Kila daraja lina mpaka wake wa kazi, kwa hiyo aliyeruhusiwa nyumba ya kawaida si lazima awe ameruhusiwa mashine ya kusaga yenye umeme wa fezi tatu. Kampuni ya ukandarasi nayo inatakiwa iwe imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Cheti cha VETA, hata kiwe cha Chang’ombe, kinaonyesha kwamba mtu amesoma, basi. Na fulana yenye nembo ya TANESCO haionyeshi chochote. Vishoka, yaani mafundi bandia, wamekula kwa fulana hizo miaka mingi.

Kumhakiki fundi hakuchukui hata muda wa kunywa chai. Omba leseni yenyewe, usikubali picha ya kwenye simu iliyokatwa nusu. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho, kisha linganisha na kitambulisho chake cha NIDA. Baada ya hapo ulizia jina hilo EWURA, ambao wana orodha ya waliopewa leseni. Halafu uliza swali ambalo wengi wetu tunaliona la kukosa adabu: kazi yenyewe atafanya nani? Fundi mwenye leseni kufanya kazi na vijana wake si kosa, alimradi yeye mwenyewe anafika, anakagua na anapima.

Tatizo jingine ni sisi wenye nyumba. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini iliporudishwa kuwa Sh320,960 kutoka Sh27,000, tulilalamika, tukalipa. Bei ya TANESCO haina mjadala, hivyo hasira zote tunamalizia kwa fundi. Tunambana mpaka abaki na njia moja tu ya kupata faida, nayo ni kupunguza mali ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki.

Chukua mfano wa ethi. Nyuma ya nyumba kunatakiwa fimbo ya shaba, au ya chuma kilichopakwa shaba, iliyozama ardhini na kufungwa kwa klampu kwenye waya wa ethi unaotoka kwenye swichi kubwa. Fundi wa bei poa anapigilia kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, anazungushia waya kwa plaizi, anafukia. Mchanga wa Mbagala ukikauka haupitishi umeme vizuri hata kwa fimbo halali, sembuse nondo yenye kutu. Taa zitawaka, feni itazunguka, kila mtu atamsifu fundi. Hitilafu itajulikana siku friji itakapovuja umeme na mtoto mwenye miguu mibichi akashika mlango wake. Fundi wa kweli anapima ukinzani wa ethi kwa kifaa na kukuandikia namba, tena anakushauri ufunge breka ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme haraka unapovujia mwilini mwa mtu.

Kuhusu bima, tuseme ukweli: fundi wa mtaani ukimuuliza kama ana bima, atakucheka. Ya gari tunaijua kwa sababu trafiki anaiuliza. Ya nyumba wengi huikuta benki wanapochukua mkopo. Lakini kijana akianguka kutoka darini kwako, au akipigwa shoti, bili ya hospitali italetwa kwa nani? Kampuni yenye waajiriwa inatakiwa iwe inawachangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuomba uthibitisho huo si ushari. Kwa kazi kubwa, kama nyumba ya ghorofa au fremu za biashara, dai pia bima ya madhara kwa watu wengine na mali zao, na usiishie kuiona karatasi: piga simu kampuni ya bima iliyoitoa uulize kama bado iko hai. Kwa nyumba ya vyumba vitatu Toangoma, angalau pawe na mkataba wa ukurasa mmoja wenye namba ya leseni, aina ya nyaya na sahihi, na sehemu ya malipo uishike mpaka vipimo vifanyike.

Yote haya yafanyike kabla ya plasta. Paipu zikiwa bado wazi, mwite mwenye muhuri afike mwenyewe, azione nyaya, nawe uzipige picha ukuta kwa ukuta. Asipotaka kuja, tafuta mwingine.